Mvua ya kwanza ikinyesha, tazama unapokanyaga

Msomaji, kama unaishi Mutomo, Ikutha, Kyuso, Kibwezi au Mtito Andei, unaijua harufu ya udongo mkavu ulionyeshewa kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano ya jua kali. Mkulima akiisikia hufurahi na kutafuta jembe. Mimi nimetibu wagonjwa huku Kitui na Makueni kwa karibu miaka ishirini, na harufu hiyo hiyo hunitia wasiwasi. Najua kwamba usiku huo, au ule unaofuata, kuna mtu atakayeletwa kwetu akiwa amebebwa mgongoni, mguu umevimba.

Nitakueleza habari ya mvulana mmoja wa miaka tisa. Ilikuwa mwezi wa Novemba, yapata saa moja na nusu jioni, mvua ya vuli ikiwa na siku tatu tangu ianze. Mama yake alimtuma kwa jirani kuomba kiberiti, mwendo usiozidi mita mia moja, katika njia aliyoipita tangu aanze kutembea. Alikuwa miguu mitupu. Alinieleza kwamba alikanyaga kitu laini, kisha akahisi kama amepigwa nyundo kwenye kifundo. Kifutu alikuwa amejilaza ukingoni mwa njia, na pengine alikuwa hapo tangu alasiri. Jamaa zake walihesabu baadaye: watu sita walikuwa wamempita nyoka huyo.

Mama alifanya yale ambayo mzazi yeyote angeyafanya kwa mapenzi. Aliufunga mguu kwa kamba ya katani chini ya goti, akauchanja kwa wembe, na mzee mmoja wa jirani akaleta jiwe jeusi wakalibandika penye jeraha. Wakangoja jiwe lidondoke. Lilidondoka usiku wa manane, na wakati huo uvimbe ulikuwa umefika pajani. Alfajiri wakapata bodaboda hadi kituo cha afya ambacho hakikuwa na dawa ya sumu ya nyoka, wakaandikiwa barua kwenda kwingine. Walipofika kwangu ilikuwa saa tano asubuhi na kamba ilikuwa ingali mguuni. Mguu ule tuliukata siku ya tisa.

Kila tunapokutana, sisi madaktari huzungumza juu ya dawa: iko wapi, bei yake ni gani, kwa nini imekwisha. Ni mazungumzo ya haki na nitayarudia hapa chini. Lakini kwa mtoto yule kitu cha kwanza kilichokosekana kilikuwa tochi, na cha pili ni mtu wa kumfundisha umbo la kifutu. Nyoka aliyemjua yeye ni wa hadithi, aliyesimama wima, shingo imepanuka. Hakuna aliyemwambia kwamba nyoka wa kuogopwa zaidi njiani huku kwetu hufanana na rundo la majani makavu. Maoni yangu, na najua wako wenzangu wasiokubaliana nami, ni kwamba kumwona nyoka ni somo la afya, nalo lafaa lifundishwe katika shule zetu za msingi kila mwezi wa Septemba, kabla ya vuli, kama vile tunavyofundisha kunawa mikono.

Huko Uingereza kuna nyoka mmoja tu wa porini mwenye sumu, naye ni wa ukoo mmoja na kifutu wetu ila ni mdogo kwa umbo. Baridi inapopungua, mwezi wa Machi, hutoka mashimoni kuota jua, na watu huvaa buti wakaenda makusudi kumtafuta ili wamtazame na kumhesabu. Sheria ya huko inakataza kumwua. Mtu wa mwisho kufa kwa kuumwa naye alikuwa mtoto, mwaka 1975. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaona haya. Watu hao wanajua wamtafute nyoka wao mahali gani, saa ngapi na katika hali gani ya hewa. Sisi tunaoishi na walio wakali zaidi hatujui. (Wao wana hospitali karibu pia, na jambo hilo si dogo.)

Basi tuanze na kifutu. Pwani watakuambia ni bafe, na wengine humwita moma au piri. Majina ni mengi, mnyama ni yule yule. Mwili wake ni mnene kuliko urefu wake unavyoelekea kudai, kwani wengi ni wa mita moja hivi. Kichwa ni kipana na bapa, shingo ni nyembamba, mkia ni mfupi kama uliokatwa. Mgongoni ana alama mfano wa herufi V, moja nyuma ya nyingine, za kahawia, manjano na nyeusi. Mtazame kwenye sakafu ya saruji mchana kweupe, utasema ni nyoka wa kupendeza. Mweke chini ya mgunga penye majani makavu, hutamwona hata ukielekezwa kwa kidole.

Nyoka wengi wakihisi kishindo chako hukimbia. Kifutu hutulia. Maisha yake yote yamejengwa juu ya kutulia, kwani hulala mahali pamoja akingoja panya apite. Mwaka 2015 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba hata mbwa waliofunzwa kunusa hushindwa kumtambua kifutu aliyejificha hivyo. Kwa hiyo usitembee gizani ukidhani mbwa wako atabweka. Ukimkaribia sana, aghalabu hujijaza hewa na kuitoa kwa mlio wa nguvu kama pampu ya baiskeli. Ukiusikia usiruke. Simama, mtafute kwa macho, kisha rudi nyuma polepole kwa njia uliyoijia.

Anapohama, mara nyingi hutambaa kwa mstari ulionyooka kama kiwavi, akaacha mfuo mmoja kwenye vumbi. Asubuhi unapokwenda kuteka maji, tazama njia. Mifuo inayopindapinda yaweza kuwa ya nyoka yeyote. Ukiona ule ulionyooka kama uliochorwa kwa fimbo, waambie watu wa nyumbani kwamba kifutu yuko karibu. Nimewafundisha watoto wangu jambo hili na sasa wananishinda mimi.

Kwa nini mvua? Wakati wa kiangazi nyoka hujificha katika vichuguu, mashimo ya panya na chini ya mawe, kwa sababu jua la adhuhuri laweza kuwaua. Mvua ikinyesha vyura hutoka, kumbikumbi huruka, nyasi huota na panya huzaana. Mwenye kula hufuata chakula. Naye binadamu siku hizo hizo anafyeka, anapanda ndengu na kunde, anapalilia akiwa ameinama na anaokota kuni. Wote wawili wako kazini katika shamba moja. Tena kifutu hatagi mayai, huzaa watoto hai. Ishirini hadi arobaini kwa mara moja ni jambo la kawaida, na yuko mmoja aliyetoka hapa Kenya ambaye alizaa 156 katika bustani ya wanyama nchini Cheki. Kila mtoto huzaliwa na sumu yake tayari.

Saa za hatari ni magharibi na mwanzo wa usiku. Wakati huo ardhi ingali na joto na nyoka hupenda kulala njiani. Asubuhi baada ya usiku wa baridi utamkuta akiota jua pale nyasi zinapokutana na mchanga. Kwa hiyo tembea katikati ya njia, mwanga wa tochi ukiwa ardhini hatua mbili mbele yako, usiuelekeze kwenye miti. Vaa gambuti ukiweza. Akala ni bora kuliko miguu mitupu, lakini kifundo hubaki wazi, na wagonjwa wangu wengi waliumwa hapo. Kabla ya kutia mkono katika kuni au majani, piga kwa fimbo. Ukitaka kuinua jiwe au gogo, shika ukingo ulio mbali nawe na uuvute kuelekea kwako, ili kilicho chini kipate mwanya wa kukimbilia upande ule mwingine.

Nyumbani adui wa kwanza ni panya. Mahindi yaliyomwagika huleta panya, naye panya huleta nyoka. Kuku wanaolalia mayai ndani ya nyumba humvuta swila, yule mwenye kutema mate ya sumu. Swila mkubwa wa kahawia aliyeko Pwani na katika nyanda kavu za mashariki alitambuliwa kuwa aina ya pekee mwaka 2007 tu, akapewa jina la marehemu James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu. Huyo ana tabia ya kuingia ndani usiku na kumwuma aliyelala sakafuni. Chandarua cha mbu kilichochomekwa vizuri chini ya godoro humzuia. Kinakinga malaria na nyoka kwa bei ile ile. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika ishirini bila kusugua, kisha uje hospitali. Maji yakikosekana, maziwa yatafaa.

Koboko ni habari nyingine. Ni mrefu, mwembamba, mwenye mbio, wa rangi ya kijivu au zeituni. Weusi uko ndani ya kinywa chake. Sumu yake haivimbishi sana. Hulegeza kope za macho, kisha ulimi, kisha misuli ya kupumua. Mtu aliyeumwa naye asicheleweshwe hata dakika moja kwa sababu mguu haukuvimba.

Lakini sitaki ufikiri kwamba kila kitambaacho ni adui. Mvua hiyo hiyo huwatoa kobe, kenge na vinyonga, na ni vizuri mtoto awajue. Yuko pia nyoka mfupi mnene, wa rangi ya chungwa yenye mabaka ya kahawia, ajifukiaye mchangani akabakiza macho tu. Hana sumu hata chembe. Huuawa kila mwaka akidhaniwa ni mtoto wa kifutu. Mimi mwenyewe nilimwua mmoja nikiwa darasa la tatu, na susu yangu akanisifu mbele ya kijiji kizima. Kuna vilevile nyoka mdogo mweusi atokaye ardhini baada ya mvua ambaye huwezi kumshika nyuma ya kichwa ukasalimika, kwa maana meno yake hutokeza ubavuni bila yeye kufungua kinywa. Kwa sababu ya hawa wawili kanuni yangu ni moja: tazama kadiri upendavyo ukiwa mbali, usimshike yeyote.

Wala usimwue kwa ajili yangu. Wagonjwa wangu walioumwa mkononi, wengi wao walikuwa wakimpiga nyoka au wamembeba waliyedhani amekufa. Siku moja bwana mmoja aliniletea nyoka wake katika gunia ili "daktari amjue". Gunia lilipowekwa sakafuni likaanza kutambaa. Muuguzi wetu, mama mtu mzima wa heshima zake, alikuwa juu ya meza kabla sijainuka. Sihitaji maiti ya nyoka ili nikutibu. Uvimbe na malengelenge huniambia jambo moja, kope zilizolegea huniambia jingine, na damu nikiiweka katika chupa safi ya kioo kwa dakika ishirini nikaona haijaganda, hunieleza la tatu. Ukiwa na simu na ukaweza kumpiga picha kutoka mbali, sawa. Usipoweza, njoo hivyo hivyo.

Sasa, akishaumwa mtu. Mwondoe hapo alipo nyoka. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujafika. Ufunge mguu au mkono kwenye ubao kama vile umevunjika, ili usitikisike, kisha msafirishe. Akitapika au akisinzia mlaze ubavu. Kwa bodaboda akae katikati, mtu mwingine amshike kwa nyuma. Hayo tu. Usichanje, usinyonye, usipake mafuta ya taa, usimguse na nyaya za umeme wa betri kama nilivyoona ikifanywa, na usifunge kamba.

Juu ya kamba nina jambo la kuungama. Nikiwa daktari mchanga aliletwa kwangu mama aliyeumwa na koboko, mguu umefungwa kwa kitambaa kilichokazwa sana. Nilikichukia kile kitambaa nikakikata kwa mkasi hapo hapo, bila kutia dripu wala kuandaa dawa. Mama alikuwa akizungumza nami. Dakika chache baadaye hakuweza kupumua. Tulimpulizia hewa kwa mfuko wa mkono usiku kucha, wauguzi wawili na mimi, kwa zamu. Alipona, lakini mimi ndiye niliyemfikisha pale. Kwa hiyo nakuambia usifunge, na kama mwingine ameshafunga, usikate njiani kwa pupa. Sisi tutaifungua dawa ikiwa imeanza kuingia mwilini.

Na jiwe jeusi? Mara nyingi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa. Hung'ang'ania jeraha kwa sababu mfupa uliochomwa hunyonya unyevu, kisha hudondoka ukishiba. Sumu imekwisha kupita zamani. Najua utaniambia kwamba mjomba wako alipona kwa jiwe. Nami nitakuamini kwamba alipona. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitoa. Hao wote wangepona hata kwa kuwekewa kiazi. Siwadharau wazee wetu. Nasema tu kwamba saa zile tano za kungoja jiwe ndizo zilizonifanya nimkate mguu mtoto wa watu.

Nilisema nitarudi kwenye dawa. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa, Sanofi, iliacha kutengeneza dawa moja iliyotegemewa sana Afrika, na shehena za mwisho ziliisha muda wake Juni 2016. Sababu ilikuwa biashara: wanaoumwa na nyoka ni maskini wa mashambani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitia sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa. Shirika hilo linakadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuumwa na nyoka, na wanaobaki na viungo vilivyokatwa au ulemavu mwingine wa kudumu ni kama mara tatu ya hao. Lengo ni kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu kufikia 2030. Hapa kwetu Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa tiba mwaka 2019, na ni mwongozo mzuri. Hali kadhalika watafiti wa KIPRE huko Karen, pamoja na wenzao wa Liverpool, wanashughulikia dawa ya kufaa nyoka wetu. Hilo ni muhimu, maana dawa iliyotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Bara Hindi haiwezi kutegemewa kwa kifutu wa Kitui.

Fidia nayo? Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliwahesabu nyoka miongoni mwa wanyama ambao serikali ingewalipia waathiriwa, shilingi milioni tano kwa kifo. Marekebisho ya 2018 yaliwaondoa. Wengi walilalamika, nami ninawaelewa. Lakini ningeulizwa nichague, ningesema sehemu ya fedha zile inunue dawa, nayo ikae katika jokofu la kila kituo cha afya chenye umeme kando ya barabara za Mutomo, Kyuso na Kibwezi ifikapo mwisho wa Septemba. Majadiliano ya bajeti yanayoanza Novemba mgonjwa akiwa mlangoni hayana faida. Na wauguzi wakumbushwe kwamba mtoto hapewi nusu ya dawa. Nyoka hakumpimia mtoto sumu kwa kilo zake; dozi ni ile ile ya mtu mzima.

Mvulana wangu sasa anatembea kwa mguu wa bandia na amerudi shuleni. Walipokuja kliniki mara ya mwisho nilimwonyesha picha ya kifutu kwenye majani, akaitazama kwa muda mrefu kabla ya kuweka kidole chake penye kichwa. Mama yake alikuwa na swali moja tu kwangu, nalo ni kama zile tochi ndogo za kuchajiwa kwa jua zinazouzwa sokoni zinatosha, au atafute ya betri. Nilimwambia zinatosha, mradi anunue mbili, moja ikae mlangoni.